Harufu ya Korosho

Kwenye karakana ya kubangua korosho, harufu ya kuungua si habari. Ndiyo iliyoniponza pale Mikindani.

Mimi ni fundi umeme, na Mama mwenye karakana alitaka bodi mpya, kile kisanduku cha kugawa umeme, ya fezi tatu (njia tatu za umeme), amperi 200. Waya mmoja mnene wa kuilisha ulikuwa ghali, na mimi nilikuwa na waya za shaba za milimita za mraba 35 zilizobaki. Nikamwambia, tunalaza waya mbili kwa kila fezi. Mmoja ndani ya bomba unabeba amperi 110 hivi, mbili 220. Hesabu imekaa.

Mabomba yalikuwa mawili, ya chuma, na hapo nilijisifu sana: kila bomba nilitia fezi zote tatu, nyutro na ardhi. Ukizitenga fezi, sumaku zake hazifutani na bomba la chuma linachemka lenyewe. Nikakwepa shimo la mwanafunzi, nikadumbukia la fundi. Bomba la kwanza lilipita juu ya tanuri, mita 9. La pili lilikosa nafasi, nikalizungusha nje, mita 18.

Harufu ikaanza. "We mtoto, unaniunguzia korosho!" Mama akamvaa mkaangaji. Kijana akapunguza moto, harufu ipo. Akapunguza tena, sasa maganda hayabanguki. Siku tatu anatukanwa kwa kosa langu.

Siku ya nne nikaitwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shikamoo haipoozi bomba, fundi. Njoo ushike."

Nikashika. Nikaachia upesi kuliko nilivyoshika.

Klampu mita, kile kipimo cha kubana waya, ikasema yote: waya mfupi amperi 112, mrefu 56. Jumla 168, na breka ya 200 imetulia tuli, maana yenyewe huhesabu jumla, haiulizi nani kabeba nini. Ni kama wawili wenye gunia kwenye mti mmoja, gunia likisogea kwako umeumia peke yako. Nusu ya urefu ni nusu ya ukinzani, kwa hiyo umeme ukajazana njia fupi mara mbili. Na zile 110 ni za hewa ya kawaida; joto likifika nyuzi 50, waya wenye ganda la plastiki unabaki na 78 tu. Juu ya tanuri, jamani!

Nikazima meni, swichi kuu, nikauvuta waya mfupi. Ganda la kahawia lilikuwa laini kama lami ya mchana, alama ya kidole changu ikabaki.

Dawa yake ilikuwa kununua mita 90 nyingine, waya tano za mita 18, aina ileile na unene uleule. Zote kumi nikazilaza chini uwanjani, nikazikata pamoja, lagi (vichwa vya waya) za namna moja, kila lagi na bolti yake kwenye busbaa, lile pau la chuma la kuungia waya ndani ya bodi. Mabomba yote mawili yakapita nje, yakiachana. Kupima: 85 na 83.

Bei ya waya huo ilitoka kwenye ujira wangu. Yule mkaangaji hadi leo nikipita mlangoni anasimama, anainua pua, ananusa.