Liverpool walitangulia

Makala nzuri, ila hapo mwandishi aliposema kuta za vioo kwenye majengo ya ofisi zilianzia Chicago, naomba nimpinge kidogo. Aitazame Oriel Chambers, jengo la ofisi la Liverpool, Uingereza, barabara ya Water Street, kazi ya msanifu majengo Peter Ellis ya mwaka 1864. Kwa mbele kuna nguzo nyembamba za mawe zinazopanda hadi juu, na kati yake madirisha yaliyotokeza nje ya ukuta kama droo zilizovutwa nusu, safu juu ya safu. Fremu za chuma ni nyembamba mno, hivyo karani alipata mwanga wa mbele na wa ubavuni. Zama hizo hakuna taa za umeme, na moshi wa makaa umetanda mjini. Mwanga ulikuwa mali!

Lakini utamu wenyewe uko uani, wasikofika wapita njia. Huko ukuta wa vioo umesogezwa mbele ya nguzo za chuma, haubebi uzito wa jengo. Si ndiyo mbinu ya maghorofa ya leo?

Mwaka 1866 jarida la The Builder liliyaponda madirisha hayo, likayafananisha na mapovu ya vioo. Wajuaji hawakuanza na mitandao, jamani. Na John Root, msanifu wa Kimarekani aliyekuja kusanifu jengo la ofisi la Rookery huko Chicago, aliishi Liverpool akiwa kijana, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Kwamba alijifunza kwa Ellis ni dhana tu, lakini mimi niko upande wa wanaoiamini.