Lubugo haifundishwi kwa siku tatu

Katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2022 majaji walilitaja banda la Uganda kwa heshima maalumu. Humo zilikuwamo kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, wasanii wanaotumia pia lubugo, nguo ya magome ya Waganda. Baada ya hapo ni rahisi kusema wasanii wameiokoa lubugo.

Wamefanya kubwa, sikatai. Kijana aliyeijua kama sanda tu sasa anaiona ukutani na kuitamani. Wanaotaka kila mtu afundishwe kuitengeneza nao wana hoja: kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, chini ya kaboggoza, mkuu wa mafundi anayerithi cheo, na ufundi uliofungiwa katika ukoo huweza kufa nao.

Ila mzee wa Ngonge anayesitasita kuwafundisha wa nje huitwa mchoyo, na hapo naona anaonewa. Kuponda gome kwa nyundo za mbao ndiyo sehemu inayoonekana, na mgeni huipenda. Uzito uko kwenye mti wenyewe, mutuba. Gome hubambuliwa msimu wa mvua, kisha shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba mpaka liote gome jipya. Kisu kikizama mno, mti unaumia. Na utajuaje kama kilizama? Mti ndio utakaokujibu, na haujibu siku hiyo. Mtoto wa fundi alimwona baba yake akibambua, akaliona shina likipona au likikataa kupona, na mvua nyingine zikija akasimama tena chini ya mti uleule. Darasa la siku tatu huponda gome lililobambuliwa na mtu mwingine. Mwanafunzi anaondoka na kipande cha nguo mkononi, na kosa la kisu hajawahi kulifanya wala kuliona.

Tena familia hizi ziliitunza mituba hata baada ya misafara ya karne ya 19 kuleta nguo za pamba na wateja kupungua. Tangazo la UNESCO la mwaka 2005, lililoitambua kazi hii kuwa urithi wa binadamu, liliwakuta kazini.

Basi asiye wa ukoo afundishwe, lakini arudi kwenye mti alioubambua, mwaka unaofuata na unaofuata tena. Na jumba la sanaa linapobandika jina la msanii pembeni ya kazi, liandike pia jina la aliyeliponda gome lile.