Kijibarua cha kaunta buku si barua ya posa

Katikati ya Desemba kaka yangu alinipigia simu: "Dada, njoo nyumbani, kuna wageni." Kwetu Rungwe shangazi haitwi kwa ajili ya wageni wa kawaida. Nilipanda Coaster kutoka Mbeya mjini nikaikuta Tukuyu imemezwa na ukungu, na ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni, kuna bahasha ya kaki iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Barua ya posa, na fedha za kishika uchumba ndani yake.

Binti wa kaka ana miaka 17. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita tu. Anayemposa ana fremu mbili za duka Tunduma, umri wake umepita thelathini, na binti amewahi kumwona mara moja, tena msibani.

Haraka yote hiyo ilianzia kwenye mfuko wa sketi ya shule. Mama yake alikuwa anafua, akakuta karatasi ya kaunta buku iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa na kijana waliyesoma naye, mtoto wa Katumba. Binti alinipa niisome. Nusu nzima inahusu swali la Kemia lililowashinda wote wawili. Chini kabisa kijana ameandika kwamba kengele ya kutoka ikilia, humwangalia yeye kwanza ndipo afunge daftari. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na nilisoma hadi nyuma ya karatasi.

Kwa karatasi hiyo ukoo ulikaa kikao.

Namwelewa kaka yangu. Anaogopa mimba, anaogopa maneno ya majirani, anaogopa siku ataambiwa alikuwa wapi. Lakini hofu hiyo hajawahi kuizungumza na mwanawe hata siku moja. Ameona ni rahisi kumtafutia mume kuliko kukaa naye jikoni wakaongea, na hilo ndilo linaloniuma. Tunakaa kimya miaka yote, kisha siku tukiona dalili ya kwanza kwamba moyo wa mtoto umeanza kudunda, tunaita mshenga.

Baba mkubwa alileta habari za zamani. Alisema Mnyakyusa alikuwa akioza binti, ng'ombe wale wakamwolea kaka yake. Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa, na mahari ilifunga koo mbili zikazikana na kulimiana. Siidharau. Ila kaka wa binti huyu anaendesha bodaboda yake na hajamwomba mtu ng'ombe.

Halafu kuna huo muda wenyewe, Novemba hadi Januari. Angekuwa bado darasani, hakuna mshenga ambaye angethubutu kuja, maana tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi ni kosa la jela miaka 30, na hilo vijijini linajulikana. Akishaweka kalamu chini, watu wanaona mlango umefunguka. Wanaegemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipeleka kifungu hicho Mahakama Kuu akashinda Julai 2016, serikali ikapewa mwaka mmoja ikirekebishe, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile. Kwenye sebule ya kaka hakuna aliyetaja hukumu hiyo mpaka nilipoitaja mimi.

Sheria hiyohiyo ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Binti aliitwa, akapiga magoti mlangoni, akaulizwa mbele ya wazee wanne waliojaa kwenye makochi kama "amesikia". Akasema amesikia. Wakaandika kwamba amekubali.

Mjomba wake, ambaye ana roho nzuri kweli, alitaka kumtetea: basi aolewe na huyo wa Katumba, si wanapendana? Nikamwomba na yeye anisikilize. Huyo kijana ana miaka 18, analala chumba kimoja na wadogo zake, na hajasema popote kwamba anataka mke. Wanapendana kama watu wa umri wao wanavyopendana. Huenda mapenzi hayo yakadumu, huenda yakaisha mmoja akipangiwa shule ya mbali. Yote mawili ni sawa. Kumwoza mtoto kwa anayempenda kwa sababu tumemkamata anampenda ni adhabu ileile, tumeipaka asali tu.

Mwishoni kaka alilegea nusu: tusubiri matokeo, akifaulu aende kidato cha tano, akifeli mshenga apewe jibu. Wengi waliona hapo kila mtu ameshinda. Mimi nilikataa, na bado nakataa. Mtoto aliyepata sifuri ni mtoto vilevile. Anaweza kurisiti, anaweza kwenda chuo cha ufundi cha VETA, anaweza kukaa mwaka mzima akichuma chai na mama yake huku anafikiria. Tukikubali kwamba aliyefeli ndiye wa kuozwa, tumemfanya mume kuwa fimbo ya mtihani.

Usiku mimi na binti tulimenya ndizi, mikono yetu imejaa utomvu. Hakuniuliza habari za kijana wala za mwanamume wa Tunduma. Aliniuliza, "Shangazi, na nikipata sifuri?" Nikamwambia kwangu Mbeya kuna kitanda, na nauli ya Coaster nimeshaiacha kwa mama yake.

Asubuhi naondoka bahasha ilikuwa bado kabatini. Kile kijibarua, wifi yangu alikuwa amekinyoosha kwa kiganja na kumrudishia mwenyewe.