Mwanamfalme ndani ya gauni la waridi: picha za kale zinathibitisha nini?

Wanaoshikilia kwamba zamani waridi, yaani pinki, ilikuwa rangi ya wavulana hupenda kutuonyesha picha ya Felipe Próspero, mwanamfalme wa Hispania, iliyochorwa na Velázquez mwaka 1659. Mtoto hajatimiza hata miaka miwili na nusu. Gauni lake jekundu-waridi linafika sakafuni, juu yake kuna aproni nyeupe, na kwenye aproni zinaning'inia hirizi za kumkinga na kijicho pamoja na kengele ndogo. Mwaka huohuo Velázquez alimchora dada yake Margarita, mwenye miaka minane, akiwa na gauni la buluu. Picha zote mbili ziko katika jumba moja la makumbusho mjini Vienna, na ukizitazama kwa pamoja utadhani mjadala umekwisha.

Lakini katika jumba hilohilo la makumbusho yumo Margarita yuleyule akiwa mdogo zaidi, na hapo amevaa waridi na fedha, upepeo mkononi. Msichana mmoja, mchoraji mmoja, rangi mbili. Picha zile zilipelekwa Vienna ili jamaa wa ukoo waone watoto wanavyokua. Nguo ilitangaza cheo na utajiri. Wekundu bora ulitoka kwa wadudu wa dungusi kakati walioletwa kutoka Mexico, na ulikuwa ghali mno.

Gauni lenyewe nalo halikuwa la kike. Barani Ulaya wavulana walivaa magauni hadi miaka minne au zaidi, wengine hadi saba, ndipo wakavalishwa suruali. Sababu ni za kawaida kabisa: kumbadilisha mtoto nepi ni rahisi, na pindo hufumuliwa anaporefuka. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsia aanze na kilicho mikononi na mtindo wa nywele. Upanga, ngoma, mjeledi au farasi wa mti huelekea kwa mvulana. Mwanasesere au upepeo kwa msichana. Rangi iwe ya mwisho.

Hata hivyo, wanaosema rangi ziligeuka wana ushahidi wa maandishi. Juni 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani liliandika kwamba waridi ni ya wavulana kwa kuwa ina nguvu zaidi, na buluu ni ya wasichana kwa kuwa ni laini. Mwaka 1927 jarida la Time lilikusanya ushauri wa maduka makubwa: kadhaa, yakiwemo ya Boston na Chicago, yalikubaliana na hilo, mengine yakapinga. Kwa upande wa pili, mwaka 2012 mwanasaikolojia Marco Del Giudice alipekua vitabu vya Kiingereza vya 1880 hadi 1980 na hakuona dalili ya mgeuko. Buluu kwa mvulana ilikuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Naona upande wa pili una nguvu zaidi kuhusu neno "kugeuka", lakini haumpi ushindi anayedai kwamba mambo yamekuwa hivi tangu enzi na enzi. Maduka yasingetofautiana kama desturi ingekuwa moja.

Picha mbili za Uingereza zimeongeza mkanganyo. Mvulana wa buluu wa mchoraji Gainsborough, wa mwaka 1770 hivi, amevaa mavazi ya mtindo wa karne iliyotangulia, si nguo zake za kila siku. "Pinkie" wa mchoraji Lawrence, wa 1794, kavaa gauni jeupe; waridi iko kwenye utepe wa kiuno na kwenye kofia tu, na jina hilo ni la utani wa nyumbani. Hazikuchorwa ziwe jozi. Zilikutana California mwaka 1927, kwa mnunuzi mmoja.

Zaidi ya hayo, rangi tunayoiona leo huenda si ile ya mchoraji. Wekundu wa wadudu hupauka kwa mwanga, hivyo jekundu likawa waridi. Buluu ya unga wa kioo chenye kobalti hugeuka kijivu ndani ya mafuta. Vanishi ikizeeka huwa ya manjano, na buluu chini yake huonekana kijani. Kabla ya kumtaja mtoto yeyote kuwa "wa waridi", mtaalamu huondoa fremu na kutazama ukingo wa turubai uliofunikwa: huko mwanga haukufika, na wekundu wa awali mara nyingi bado upo.