Msomaji angekukatiza wapi?

Lawama moja hairudi nyuma siku hizi: kwamba makala za Kiswahili za mtandaoni zimegeuka maongezi. Sentensi fupifupi, "basi" na "kwani" kila aya, mwandishi anazungumza na msomaji kama waliokua mtaa mmoja. Wanaolalamika, wengi wao walimu na wahariri, wanaona lugha iliyosanifiwa kwa jasho inarudishwa kijiweni.

Siwabezi. Tangu 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Kiswahili sanifu kilichosimama juu ya Kiunguja kimefanya kazi ambayo lugha ya mtaa haiwezi. Ndicho kinachomwezesha mtu wa Bukavu kusoma kilichoandikwa Tanga bila mkalimani. Ukimwandikia "mchongo" wa Dar es Salaam umemwacha njiani. Ukiandika "mbogi" ya Nairobi umemwacha babu wa Pemba. Na mtandaoni hujui nani atafungua ukurasa. Hoja hiyo ina uzito, na mwandishi anayerundika misimu ili aonekane kijana hajamsogelea msomaji hata hatua moja.

Lakini misimu ni jambo moja, na kumwelekea msomaji ni jambo jingine. Lawama hii inayafunga yote mawili kamba moja.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ile ya vidonge vya siku 3. Tuseme tangazo limeandikwa hivi: "Wazazi wanashauriwa kuzingatia matumizi sahihi ya dawa kwa kuhakikisha kuwa dozi ya pili inatolewa baada ya saa 8." Hapo kalamu nyekundu haina la kufanya. Sasa fikiria mama anayelisoma kwenye simu, mtoto ana homa mgongoni. Kwetu saa 8 ni mchana, jua likiwa kali. "Baada ya saa 8" yaweza kuwa muda wa kuhesabu, na yaweza kuwa wakati wa alasiri. Kama mtoto alipewa dozi ya kwanza saa 5 asubuhi, mama huyu anaweza kabisa kumpa ya pili saa 9 mchana, nusu tu ya muda unaotakiwa, naye akaamini amefuata maelekezo neno kwa neno.

Angekuwa amekaa mbele yako, angekukatiza: "Saa nane ya mchana?" Nawe ungemjibu: "Hapana, mama, uhesabu masaa nane. Ukimpa ya kwanza saa 2 asubuhi, ya pili umpe saa 10 jioni. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni. Hata homa ikishuka kesho, usiache, umalizie." Hayo ni maongezi, na ndiyo yaliyo sahihi zaidi. Tangazo rasmi lilipita juu ya swali kwa sababu aliyeliandika hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Liangalie pia hilo neno "masaa". Walimu hulikata kila wanapoliona, kwa kuwa wingi wa saa ni saa. Kanuni ni hiyo. Ila watu hawakuanza kusema "masaa" kwa uvivu; wanatenganisha muda unaohesabiwa na wakati unaosomwa kwenye saa ya ukutani. Mazungumzo yaliona tundu, yakaliziba. Kila ninapolifikiria jambo hili, napata shida kukubali kwamba usahihi unakaa upande mmoja tu, ule wa "suala zima la" na "katika kuhakikisha kwamba".

Wala si desturi iliyoingia na intaneti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaanza na mama mgonjwa akimwita binti yake aje, akae karibu, alete wino na karatasi. Wasia mzito kuliko huo ni nadra katika fasihi yetu, na tangu mwanzo una mtu wa kusemeshwa. Msimulizi wetu naye haanzi hadithi mpaka aseme "Paukwa!" na aitikiwe "Pakawa!". Iliyokuja baadaye ni lugha ya ripoti, isiyo na msemaji wala msikilizaji: "imebainika", "inasisitizwa".

Kuna pingamizi moja ambalo kwangu ni gumu kuliko la misimu, nalo ni heshima. Huwezi kumjia mzee usiyemfahamu na "wewe, sikiliza". Mtandaoni kijana wa miaka 20 anaweza kusomwa na mtu wa kumwamkia shikamoo. Hata hivyo sarufi yenyewe imetoa njia: "wewe" linaweza kuachwa, nafsi ikabaki ndani ya kitenzi. "Ukimaliza" halimchomi mtu kidole. "Umpe" ni laini kuliko "mpe". Mwandishi asiyejua tofauti hizo ataandika maongezi yenye ukali, na hapo walalamikaji watakuwa na haki.

Wafanyabiashara nao wameichafua njia hii: ujumbe unaokuita "mpendwa" ili ununue kitu, kisha ukiuliza bei halisi hakuna anayejibu. Udugu wa namna hiyo unawafanya wasomaji wamshuku hata anayewasemesha kwa nia njema. Kipimo changu ni kilekile cha yule mama: je, aliyeandika alisikia swali, akalijibu?

Kwa hiyo makala yangu ya afya huwa naisoma kwa sauti mbele ya mtu asiye wa kazi yetu kabla haijatoka, na kila anapokunja uso naandika upya. Mhariri akinikatia "masaa", nitakubali. Ila asiguse "saa 10 jioni".