Kwenye ile hesabu ya asali hakuna mbuzi

Haipiti wiki mbili tatu bila mtu kutupia kwenye grupu la WhatsApp ile hesabu, nyote mnaijua, mzinga mmoja lita 20, unarina mara 3 kwa mwaka, mizinga 50, piga mara bei ya lita, unapata hela ya kununua gari na chenji inabaki. Na chini yake watu wameshajaa, "nipeni namba ya anayeuza mizinga".

Mimi nina mizinga sita kwenye kishamba cha urithi kule Kigombe, njia ya Pangani, kazi yangu ni ya ofisini hapa Tanga mjini kwa hiyo nyuki ni mambo ya wikiendi tu. Naipenda kazi hii kuliko hata mpira. Ila ile hesabu jamani imeacha vitu, na kikubwa ilichoacha ni mbuzi. Mbuzi nitamfikia.

Tuanze na mizinga yenyewe. Nilinunua yote sita kwa mkupuo kwa jamaa aliyetufanyia semina asubuhi na mchana akageuka muuza mizinga, kosa la kwanza hilo, nunua miwili ujifunze kwanza. Mizinga ilikuwa mizuri kwa macho, imepigwa vanishi inang'aa. Sasa zile papi za juu ambazo nyuki wananing'iniza masega, kwa nyuki wetu hawa wa Afrika inatakiwa kila papi iwe na upana wa milimita 32, zangu zilichanwa hovyo tu, moja 30, nyingine inakaribia 40. Nikasema si milimita tu, zina nini. Kumbe zina kila kitu. Nyuki hafuati papi yako ikiwa haimfai, sega linaanzia papi ya kwanza linakwenda kumalizikia ya tatu, yaani ukiinua moja umeinua nyumba nzima, asali inamwagika, majana, yaani watoto wa nyuki, yanakatika katikati, na wenye nyumba wanatoka kuuliza kulikoni. Kwa hiyo ukienda kununua nenda na rula mfukoni, muuzaji akicheka acha acheke.

Halafu katika sita, iliyoingia nyuki mwaka wa kwanza ni miwili. Minne ilikaa na buibui na mijusi. Kuna mzee jirani pale alikuwa akirina mizinga ya magogo tangu ujana wake, nikampelekea malalamiko, akainama akanusa ndani ya mzinga mmoja akaniambia, "Mwanangu, humu munanuka duka la rangi, hata mimi nisingelala." Akanielekeza niikwangue, niiache ipigwe upepo, kisha niyeyushe nta niipake kwenye papi na kusugua majani ya mchaichai ndani. Mvua za vuli zilipoisha wakaingia kwenye miwili mingine. Mpaka leo sijalipia semina iliyonifundisha zaidi ya ile pua ya mzee.

Haya, mbuzi.

Ilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, jua kali, nami nina haraka maana kesho kazini. Kila anayejua nyuki wa huku anakuambia mzinga unafunguliwa jua likishazama, nilijua hilo, lakini gari la mwisho la kurudi mjini halinisubiri. Kwenye bomba la moshi, lile la kufukizia nyuki watulie, nikajaza magazeti, yakawaka moto mkali dakika tano yakazima. Na nilikuwa nimetoka kula ndizi mbivu mbili, baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba harufu anayoitoa nyuki akiuma, ile ya kuwaitia wenzake, inafanana na ndizi mbivu. Sisemi ndizi ndizo zilizoniponza, haraka yangu ilitosha peke yake.

Mimi nilikuwa ndani ya suti, na gambuti na glavu, nilichomwa mara moja tu mkononi. Mbuzi wa bi mkubwa wa jirani alikuwa amefungwa kwenye mnazi, hatua kama arobaini kutoka hapo. Alizunguka, akazunguka, kila akizunguka kamba inafupika, mpaka shingo ikawa imegusa shina. Nilikimbia kumkata kamba, nyuki wote wa kwenye suti yangu nikawa ndiyo nampelekea. Magharibi alikuwa ameshakufa.

Bi mkubwa hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema tu, "Baba, huyu alikuwa wa akika ya mjukuu wangu." Nikamlipa mbuzi na sukari juu. Mwaka ule nilipata lita tisa kwa mizinga yote, na lita tisa hazikufika bei ya mbuzi.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Nalala shambani siku ya kurina, sifungui kabla ya magharibi. Moshi ni wa makumbi ya nazi, yamejaa bure kila mahali, yanafuka polepole moshi wa baridi hata saa nzima. Nyaya za kuning'inizia mizinga napaka grisi, siafu wakipanda usiku mmoja asubuhi unakuta kundi limehama. Na jirani mwenye mikorosho nimemwomba akipiga dawa ya wadudu apige jioni, nyuki wakiwa wamerudi nyumbani. Mtu akiumwa, toa mwiba haraka kwa ukucha, ila akianza kuvimba uso au kukosa pumzi achana na mambo ya kumpaka vitunguu, hospitali moja kwa moja.

Kitu kingine ambacho watu wa bara hawatakuambia ni unyevu wa Pwani yetu. Asali ikizidi maji asilimia 20 inaweza kuchacha, na hewa ya huku yenyewe ni maji. Nilirina masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, nikaweka kwenye madumu, baada ya mwezi nafungua kifuniko kinasema fyuu, inanuka tembo la mnazi. Siku hizi sega lisilozibwa angalau robo tatu nalirudisha, na ndoo inafungwa hapohapo. Na Mei 20 mkiposti siku ya nyuki duniani mjue kwangu huku ni masika, nyuki wamejifungia ndani wanakula akiba yao, mimi hata siwagusi.

Na mkiuziana muwe wazi ni kilo au lita, lita moja ya asali ina kama kilo moja na gramu mia nne, ugomvi mwingi wa bei unaanzia hapo.

Sasa hivi ninayo minne yenye nyuki, miwili bado ya mijusi. Siku ya kufungua nampigia bi mkubwa simu asubuhi, naye anajua la kufanya. Nikifika jioni nakuta mbuzi kawahamishia ng'ambo ya barabara, na kibakuli kitupu kimewekwa kwenye kizingiti changu.