Daraja la Nithi: ukuta kwanza au barabara mpya?

Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilivunja kingo za Daraja la Nithi, nchini Kenya, likaporomoka takriban mita 40 hadi mtoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wapo wanaotaka daraja lile lijengewe kingo imara mara moja. Wengine wanasema hiyo ni kufunika kidonda: barabara inateremka na kukata kona kuingia darajani, kwa hiyo inyooshwe.

Hawa wa pili tuwasikilize. Kingo nazo huua. Ncha ya bamba la chuma isiyolindwa hupenya gari dogo hadi kwenye viti, na nguzo zake humjeruhi vibaya mwendesha bodaboda aliyeanguka. Ndiyo maana wahandisi huweka kingo pale tu ambapo kuzigonga ni nafuu kuliko kukutana na kilicho nyuma yake. Kwingine, kung'oa kisiki au kulaza tuta kunatosha.

Nyuma ya kingo za Nithi kuna korongo. Kwa hiyo kingo lazima ziwepo. La kujadili ni zimudu uzito gani. Viwango vya Ulaya hujaribu kingo za ngazi iitwayo N2 kwa gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 110 kwa saa. Za H2 hujaribiwa kwa basi la tani 13, kilomita 70 kwa saa, na za H4b kwa lori la tani 38. Basi kubwa la masafa marefu likijaa abiria na mizigo huzidi tani 13, hivyo hata H2 haitoshi pale. Isitoshe, bamba la chuma hupunguza nguvu ya gari kwa kupinda na kusogea nje, na darajani nafasi hiyo haipo. Zege la ukuta halisogei. Litamuumiza zaidi mwenye gari dogo, jambo zito, ila bado nalichagua, maana linaweza kuwabakiza barabarani abiria wa basi zima. Na vibaka wa chuma chakavu hawalibebi usiku.

Hata hivyo, basi lisilo na breki linaweza kufika kwa kasi kubwa kuliko ya jaribio lolote. Mteremko unahitaji njia ya dharura ya kokoto, ya kuingilia na kusimama gari lililokosa breki, na hatimaye kunyooshwa. Kazi hiyo ni ya miaka; ukuta ni wa miezi. Mkataba wake utaje kiwango cha jaribio kwa maandishi, la sivyo mkandarasi ataweka bamba la kuzuia gari dogo na kulipwa.